Mashindano ya Ngoma ya Bagika na Bagalu katika Vijiji vya Usukuma

Mwaka 2000, katika wilaya ya milima ya Niigata nchini Ujapani, bwana mmoja aitwaye Fram Kitagawa alianzisha tamasha la sanaa ya kisasa lisilokuwa na jumba. Nchi ile ina upana wa kilomita za mraba 760, huangukiwa na theluji nyingi, na vijiji vyake vilikuwa vikihamwa na vijana mwaka hata mwaka. Kazi za wasanii ziliwekwa kandoni mwa mashamba ya mpunga, katika nyumba zilizoachwa, na katika shule zilizofungwa kwa kukosa watoto. Na mtazamaji aliyetaka kuziona hakuwa na budi kwenda kijiji hata kijiji. Tamasha hilo, liitwalo Echigo-Tsumari, limekuwa mfano kwa mataifa mengi. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilimsikia mwalimu mmoja akilieleza darasani kuwa ndiyo mara ya kwanza sanaa ya wakati wa sasa kutolewa mjini na kupelekwa kwa mkulima.

Sina nia ya kuwapunguzia Wajapani sifa yao. Lakini mimi nilikulia Mwadui, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi, na siku ile darasani nilikumbuka vumbi la mwezi wa Julai na watu wakikimbia kutoka duara moja la ngoma kwenda duara la pili. Sikusema kitu, kwa kuwa sikuwa na maneno. Kila nilipoyatafuta, neno lililokuja mdomoni lilikuwa lile tulilofundishwa shuleni, yaani "ngoma za asili". Na neno hilo halikufaa hata kidogo kwa jambo nililotaka kulieleza. Makala haya ni jaribio la kulisema sasa.

Wasukuma wanasimulia kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwako waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, mmoja Ngika na mwingine Gumha. Kila mmoja alikuwa na wafuasi wake, na ubishi ukatokea ni nani mwenye dawa kali zaidi. Ubishi wa namna hiyo hauamuliwi kwa hoja. Ikakubaliwa kwamba wacheze siku moja, mahali pamoja, kila mtu na watu wake, na umati ndio utakaoamua. Wakacheza, na asipatikane mshindi wa kudumu. Wakarudia, na hivyo hivyo. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na katika muda usiokuwa mrefu vyama hivyo viwili vikaigawa nchi yote ya Wasukuma pasipo kujali mipaka ya watemi. Mtu aliingia chama kwa kupewa dawa zake na kufundishwa miiko yake, na ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kuwa mmoja Mgika na mwingine Mgalu, wakala chungu kimoja mwaka mzima na kutazamana kama wageni siku ya ngoma.

Yafaa msomaji aelezwe namna mashindano yenyewe yalivyofanywa, na yanavyofanywa hata leo, maana shabaha yote ya makala haya imo humo. Msimu wake ni baada ya mavuno, tangu Juni mpaka Agosti, wakati mtama na mahindi yamekwisha kuingizwa ghalani, pamba inauzwa, na mkulima ana nafasi na senti kidogo. Makundi mawili, moja la kila upande, hukutana katika uwanja wa kijiji. Hayachezi kwa zamu. Huanza pamoja, kila moja katika duara lake, ngoma zikipigwa kwa wakati mmoja hata sikio la mgeni lisiweze kutenga huu ni wimbo wa nani. Watazamaji husimama katikati, au huanzia walikofika. Kisha huenda. Wakisikia kicheko upande wa pili hukimbilia huko, wakichoka hurudi. Jua linapoteremka, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kesho yake, au baada ya juma moja, mambo hayo hufanywa katika kijiji kingine, na kundi lililoshindwa limekwisha kukaa usiku kucha likibuni jambo jipya.

Hakuna jukwaa, hakuna kiingilio, hakuna kiti. Kura hupigwa kwa miguu, na mpiga kura aweza kuibadili kura yake mara kumi kabla ya magharibi.

Katika hali hiyo ni wazi kwamba kundi lililofanya vile vile kama mwaka jana lilikuwa limekwisha kushindwa. Manju, ambaye Wasukuma humwita *ningi*, alipaswa kuwa na wimbo mpya wenye habari ambazo umati haujazisikia, au umezisikia lakini haukuthubutu kuzisema. Alitumia dawa ya mvuto, iitwayo *samba*, ili apendeze machoni pa watu. Lakini hakuitegemea dawa peke yake. Bayeye, watu wa chama cha nyoka, walileta chatu wakacheza nao. Wachezaji wa bugobogobo walirusha majembe hewani na kuyadaka, ngoma iliyozaliwa shambani katika kazi ya kulima kwa pamoja. Vikundi vingine vilileta vinyago vya mbao vilivyovikwa nguo, vingine vikiwa na mikono yenye viungo, vikachezeshwa hata wanawake wakapiga vigelegele na watoto wakakimbia kwa hofu. Kinyago hicho hakikuwa cha kuabudiwa wala cha kuhifadhiwa. Kazi yake ilikuwa kuwavuta watu hatua hamsini kutoka upande wa adui, na kikishindwa kazi hiyo kilitupwa.

Hans Cory, Mzungu aliyezaliwa Austria na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mchunguzi wa mila wa serikali ya Tanganyika, aliviona vitu hivi akavitaja kwa bidii. Mwaka 1946 aliandika juu ya chama cha Bayeye, na mwaka 1953 akachapisha kitabu kizima juu ya picha ambazo watu wa nyoka walizichora katika kuta za nyumba zao. Tunamshukuru. Lakini Cory, kama wengi wa zama zake, alitafuta maana iliyofichwa: siri ya chama, jina la dawa, mafunzo ya mwari. Yale yasiyokuwa siri, yaliyofanywa mchana mbele ya umati ili yashinde, hakuyapa nafasi kubwa. Imebidi kungoja mpaka Frank Gunderson, aliyetoa mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, ndipo tupate kuona kwa mapana jinsi nyimbo za wapagazi, wawindaji wa nyoka na wa nungunungu, na wakulima zilivyokuwa zikipokezana na kugeuzwa kizazi kwa kizazi kufuata mambo ya wakati.

Hapa naomba radhi niingie kidogo katika kazi yangu ya maneno. Kisukuma kina neno *mbina* kwa ngoma na kucheza kwake. Kiswahili, kwa mkutano wa namna hii, kina neno tamasha. Neno hili tumelipata kwa njia ya Kiajemi, na Waajemi walilitoa katika Kiarabu, katika mzizi ule ule wa kutembea kwa miguu. Maana yake ya kwanza ilikuwa kutembea pamoja na wenzio kwa kujifurahisha, ndipo baadaye likawa ni kutazama kitu, na mwishoni kile chenyewe kinachotazamwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tamasha ni watu walioketi wakitazama mbele, nitamjibu kwamba lugha inakumbuka vingine. Neno sanaa nalo, katika asili yake, ni kutengeneza kitu kwa ufundi, wala halina uzee ndani yake. Neno lenye uzee ni asili: ni shina, chanzo, mahali kitu kilikotoka. Mtu akiiita ngoma "ya asili" amekwisha kuielekeza nyuma kabla haijapigwa.

Wala mambo haya si ya Wasukuma peke yao. Watu wa mwambao wanajua sana namna mji unavyojigawa pande mbili kwa ajili ya ngoma. Lamu ina Mkomani na Langoni. Na katika beni, ambayo T. O. Ranger aliandika historia yake katika kitabu cha mwaka 1975, Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, vyeo na paredi katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Washairi wetu wa zamani walijibizana vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba beni ilifuata miji, reli na kambi za askari, ilhali Bagika na Bagalu walifuata vijiji, na kijiji hakikuwa mahali pa kupumzikia kati ya mji na mji. Kilikuwa ndicho uwanja wenyewe.

Sasa nirudi Mwadui. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua pale shimo la almasi ambalo upana wake ni kiasi cha hekta 146, moja katika mashimo makubwa kabisa ya namna yake duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Williamson alikufa Januari 1958, na mwaka huo huo mgodi ukaingia mikononi mwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa ubia. Mji uliojengwa pale ulikuwa ndani ya uzio. Ulikuwa na hospitali yake, shule zake, maduka yake na kiwanja chake cha ndege, na walinzi walimpekua anayetoka. Nje ya uzio kilikua kitongoji cha Maganzo, na nje ya Maganzo vijiji vya wakulima na wafugaji. Na upande wa Seke ndiko anakokumbukwa Ng'wanamalundi, mchezaji wa ngoma aliyekufa mwaka 1936, ambaye wazee wanasema alikausha miti kwa kuinyoshea kidole. Sijapata kumwona mti huo. Lakini nimewaona watu wazima wenye shahada wakishusha sauti wanapomtaja, na mchezaji ambaye sifa yake yadumu hivyo karibu miaka tisini alijua kazi yake.

Yadhaniwa na wengi kwamba mgodi uliiua ngoma. Kwa kadiri nilivyoona, mambo yalikuwa kinyume. Mgodi uliipa ngoma mshahara, baiskeli, kofia ngumu, na jambo kubwa la kuimba. Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi baba aliponichukua, wakati wa likizo yake, mpaka kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka uzio. Bagika walikuwa na mchezaji aliyepanda juu ya mabega ya wenziwe watatu, na umati wote ulikuwa kwao. Ndipo upande wa Bagalu likatokea dege la mabati, mabawa yake kiasi cha dari mbili kila moja, limefungwa juu ya baiskeli, na ndani yake amekaa mtu aliyevaa kofia ya mgodi na miwani ya jua, akiwapungia watu mkono wa kuaga polepole kama bwana mkubwa. Nyuma yake alikimbia mwingine aliyevaa nguo za mlinzi, akampekua mfukoni, masikioni, na mwishowe mdomoni. Dege likaondoka, mlinzi akabaki anajipekua mwenyewe. Uwanja wote ulihama kwa mara moja, na baba, aliyekuwa Mgika, alihama nao akicheka hata machozi yakamtoka. Hakuna aliyeuliza kama dege lile lilikuwa la asili.

Katika miaka ya 1950 jambo jipya lilianza upande wa Mwanza. Padre David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, mtu wa Kanada kama Williamson, alijikita Bujora, karibu na Kisesa, akakusanya wazee wa kumsaidia kuchunguza mila za Wasukuma. Mapadre wengi kabla yake walikuwa wamewakataza Wakristo kwenda katika ngoma hizi kwa ajili ya dawa zake. Yeye aliona vingine. Sikukuu ya Ekaristi huangukia mwanzo wa msimu wa ngoma; akawaita Bagika na Bagalu waje kushindana Bujora baada ya ibada, na mkutano ule ukaitwa Bulabo, yaani maua, kwa ajili ya maua yaliyotandazwa katika maandamano. Mwaka 1968 ikafunguliwa makumbusho ya Wasukuma mahali pale pale. Clement alifariki mwaka 1986, na Bulabo ingali inachezwa. Mimi nampa Padre Clement heshima kubwa. Alizipenda pande zote mbili, na hakuukataza umati kukimbia. Hata hivyo lilikuwa limetendeka jambo moja ambalo huenda hakulikusudia: ngoma iliyokuwa ikivifuata vijiji sasa ilikuwa na makao, na kando ya makao yale palikuwa na nyumba ya vitu vya kale.

Kisha ikaja Serikali. Mwezi wa Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akawalaumu wale waliofundishwa kucheza rumba wakaona aibu ngoma za baba zao. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, na waliokuwa hai wakati ule wanajua ilivyowainua watu moyo. Kundi la ngoma la taifa likaundwa baadaye, na bugobogobo na ngoma ya nyoka zikapanda jukwaani mbele ya wageni wa nchi. Watemi walikuwa wamekwisha kuondolewa mwaka 1963, na kwa hiyo uwanja wa mtemi haukuwapo tena. Sherehe za Sabasaba, ambazo huja katikati ya msimu wa mavuno, zikachukua nafasi yake. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wa mkoa wa Shinyanga kutoka miji yao iliyotawanyika wakakae pamoja. Majirani waliolima pamoja na kucheza pamoja walitenganishwa, ingawa makundi yalijikusanya upya upesi kuliko mashamba.

Mabadiliko niyaonayo kuwa makubwa zaidi hayakuhamisha nyumba ya mtu, wala sidhani yameandikwa katika historia yoyote. Ni kuingia kwa kiti cha hakimu. Mashindano ya shule, ya wilaya, ya mkoa, yalihitaji mshindi ambaye jina lake litapelekwa juu, na barua haiwezi kuandika kwamba watu walikimbilia kushoto. Pakatengenezwa fomu. Makundi yakapewa dakika kumi kila moja, kwa zamu, na watazamaji wakaombwa wakae. Tazama basi yaliyopotea kwa mara moja: hakuna wawili kwa wakati mmoja, hakuna wa kuondoka, hakuna wa kurudi. Na kwa kuwa hakimu lazima apate kitu cha kupima, fomu ikawa na safu ya mavazi, safu ya nidhamu, safu ya muda, na safu ya asili. Katika safu hii ya mwisho jipya lolote lilikuwa kosa. Vyama viwili vilivyoishi zaidi ya miaka mia kwa kubuni vikaanza kushindana nani amebuni kidogo zaidi.

Nayasema haya nikiwa nimo katika hatia. Mwaka 2014, muda si mrefu baada ya kurudi na shahada yangu, niliombwa niwe hakimu katika tamasha moja la mkoa wa Shinyanga. Tulikuwa watatu chini ya turubai, kila mmoja na chupa ya maji na fomu. Kundi la pili lilikuja na kinyago cha mbao kirefu kama kijana, kimevaa suti. Mkono wake mmoja ulikuwa na kiungo cha kamba. Manju alipoimba, mkono ulipanda ukaweka simu sikioni, kikasikiliza, kikatikisa kichwa, kikaishusha simu. Wimbo ulimhusu mtu aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu na ambaye kila akipigiwa simu na mama yake hujibu kwamba yuko njiani. Watu waliokuwa wameambiwa wakae waliinuka. Waliruka kamba. Askari wa mgambo walijaribu kuwarudisha wakashindwa, na mama mmoja mtu mzima alifika karibu kabisa na kile kinyago, akakitazama usoni, akasema, "Njoo basi."

Kundi lile lilipata nafasi ya nne. Simu haikuwa asili, na suti haikuwa vazi la Kisukuma, nasi tuliokuwa na kalamu tulikubaliana juu ya hilo bila ya kubishana.

Jioni mzee mmoja, aliyekuwa mchezaji wa Bagalu zamani zake, alinifuata nilipokuwa nikingoja gari. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza ukoo wangu na mahali nilipozaliwa. Nilipomwambia Mwadui alifurahi, akanitajia vijiji viwili vitatu alivyopata kucheza huko. Nikamwuliza, kwa kuwa nilitaka kusikia, angeliwapa nani ushindi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuwapa mtu. Nilikuwa nimesimama kule kwenye mti, mara nikajiona niko mbele kwa wale wenye sanamu, wala sijui nilifikaje. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa kitini.

"Ndiyo," akasema, "nilikuona."

Fomu ile ningali nayo. Katika safu ya asili, kwa kundi la pili, mwandiko wangu mwenyewe waonyesha alama 6 kati ya 20.